Kibao Kisichodaiwa

Kuna maandishi utakayoyakuta karibu kila pembe ya Uganda, hata mahali ambapo hakuna bango la aina nyingine: "Nyumba hii haiuzwi." Hupakwa ukutani kwa Kiingereza au kwa Kiganda, kwa rangi iliyochuruzika, pengine na namba ya simu pembeni. Hayampambi mtu wala hayamchekei mpita njia. Mwenye nyumba anajua kwamba akisafiri wiki mbili anaweza kurudi na kukuta ndugu au dalali ameshamleta mnunuzi, pesa zimeshapokelewa, na karatasi zina mihuri yote. Tume ya Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoanza kusikiliza malalamiko ya ardhi mwaka 2017, ilikaa hadi 2020 ikisikia habari za hati za kughushi na watu waliofukuzwa walikozaliwa.

Maandishi hayo nayaheshimu. Ameyaandika mtu mwenye cha kupoteza, anamwambia mtu anayemhofia, na akidharauliwa kuna pa kwenda: kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwa polisi, mahakamani. Ninaowatilia shaka ni jamaa zake waliovaa vizuri. Yale mabango ya rangi yenye picha ya mama anayecheka, yaliyopangwa kuanzia langoni hadi mapokezi: "Tunakuthamini." "Wewe ni wa maana." "Pamoja tunaweza." "Tunahudumu kwa upendo." Mtu amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, dirisha la dawa limefungwa, na ukuta unamwambia anathaminiwa.

Utamu wa maneno haunisumbui. Waswahili tumekuwa tukiandika maneno matamu kwenye milango, majahazi na kanga tangu enzi, na hakuna aliyeumia. Kinachonisumbua ni kwamba kibao cha namna hii hakidaiwi. Ukisoma "Tunakuthamini" kisha ukatukanwa dirishani, utamshtaki nani, na kwa kosa gani? Hakuna kiasi kilichotajwa, hakuna muda, hakuna jina, hakuna ahadi inayoweza kuvunjika. Maneno yamechongwa kwa ustadi ili yasimfunge aliyeyasema. Na kwa kuwa yamechukua nafasi ukutani, hapakubaki pa kuandika lile ambalo lingemfunga.

Mahali pazuri pa kulipima jambo hili ni uwanja wa shule ya msingi, kwa sababu hapo Uganda imejaribu aina zote mbili za vibao, kwenye nyasi zile zile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa inazipa shule ruzuku kwa hesabu ya kila mwanafunzi. Kwenye vitabu, fedha zilitoka. Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walipofuatilia kuuliza kilichofika, walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule ziliambulia kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Nyingine ilikwama wilayani. Zipo shule ambazo hazikupata kitu kabisa, na wazazi hawakulalamika kwa sababu rahisi: hawakujua kama kuna chochote wanachodai. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika matangazo ya fedha zilizopokea mahali ambapo mzazi anaweza kuyasoma. Kufikia 2001 kiasi kilichofika shuleni kilikuwa kimepita asilimia 80.

Wasomi wamebishana juu ya sifa iende kwa nani, na wana haki. Katika miaka hiyo hiyo ulikuja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, 1997, wafadhili wakaanza kuchungulia kila shilingi, na taratibu za wizara ya fedha zikabadilishwa. Sitadai kwamba karatasi iliyobandikwa kwa gundi ndiyo iliyookoa fedha zote hizo. Lakini angalia ilikuwa karatasi ya namna gani. Haikumwambia mzazi kwamba elimu ni ufunguo. Ilimwambia ni shilingi ngapi zimekuja, muhula gani. Mzazi aliyefika hata darasa la nne angeweza kusimama kwenye mkutano wa wazazi, akaelekeza kidole ukutani, akauliza: mwalimu mkuu, hizi ziko wapi?

Miaka michache baadaye ukaja msimu wa vibao vingine. Mapema miaka ya 2000 Rais Museveni alizindua mpango wa kuwaeleza wanafunzi habari za ukimwi, uliojulikana kwa kifupi cha PIASCY, na shule zikapanda vibao vidogo vya mbao na bati kwenye nyasi. Walimu wenyewe huuita "talking compound", uwanja unaoongea. Ukiingia lango la shule unaongozwa na kibao hiki hadi kile: sema hapana kwa ngono, jiepushe na zawadi, linda ubikira wako, jiamini, ndoto yako ni kubwa. Vingi ni vya Kiingereza, ambacho mtoto wa darasa la pili bado anakitafuta kwa taabu, na mara nyingine jirani yake ni kibao kingine kinachomwamuru aongee Kiingereza. Rangi ikififia hupakwa upya mgeni anapokaribia kuja.

Msomaji anayelengwa ni nani? Ni msichana wa miaka kumi na mitatu. Katika uwanja mzima yeye ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote, lakini ndiye aliyepewa kazi yote. Sijawahi kuona kwenye nyasi hizo kibao kinachomwelekea mwalimu wa kiume na kumtajia adhabu ya kumgusa mwanafunzi, chenye namba ya kupiga na jina la ofisa wa kupokea. Labda kipo mahali, nami nitafurahi kukutana nacho. Vile nilivyozoea humwambia mtoto ajilinde, na humwacha mtu mzima apite zake.

Kisha ikaja korona, ikatufanyia jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kuliomba. Shule zilifungwa Machi 2020 na masomo hayakurudi kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili. Majengo yalifungwa, vibao vikabaki nje, "Baki shuleni" na "Epuka mimba za utotoni", vikiyasomea majani marefu. Wasichana walipata mimba, wengi wakaozeshwa, na hilo lilijulikana katika kila wilaya. Wasichana wale hawakusahau ujumbe. Walikuwa wamekosa kile kilichokuwa kikiwalinda kweli: darasa lililofunguliwa, mwalimu aliyepo, na saa nyingi za mchana mbali na nyumba yenye hatari.

Twende ofisini, ambako bango pendwa ni "Hapa hakuna rushwa." Nani asiyelijua? Mtu huketi chini yake akipanga noti mfukoni kwa kidole. Mwaka 2019, Desemba, Rais mwenyewe aliongoza matembezi ya kupinga ufisadi mjini Kampala, mabango juu. Mwaka huo Transparency International iliipa Uganda alama 28 kati ya 100 katika kipimo chake cha ufisadi unavyoonekana. Mwaka 2024 alama zilikuwa 26. Matembezi hayakuzishusha, hilo najua. Hayakuzipandisha pia.

Kuna uwezekano mbaya zaidi, kwamba mabango hayo yanadhuru. Wasomi Caryn Peiffer na Nic Cheeseman walilijaribu hilo Lagos, Nigeria. Waliwasomea wakazi wapatao 2,400 ujumbe mbalimbali wa kupinga rushwa, kila kundi wa aina yake, kundi jingine wakaliacha bila ujumbe, kisha baadhi yao wakawaingiza kwenye mchezo wa pesa halisi ambamo mtu angeweza kutoa hongo ili apate zaidi. Ujumbe kwa jumla haukusaidia, na mwingine uliwasukuma watu kutoa hongo zaidi, hasa wale waliokuwa wanaamini tangu mwanzo kwamba rushwa imeenea kila mahali. Lagos si Kampala, lakini hoja yenyewe haihitaji pasipoti. Ukimwambia mtu kila siku kwamba kuna vita dhidi ya rushwa, unamkumbusha kila siku kwamba wenzake wote wanatoa. Yeye ni nani hata abaki peke yake kwenye foleni?

Lakini usidhani kwamba kila maandishi ya ofisini ni bure. Vituo vya polisi vya Uganda vina tangazo ambalo ningelitetea hata mbele ya wapinga mabango wote: "Dhamana ya polisi ni bure." Ni maneno matano tu, lakini yana bei, nayo ni sifuri. Ukiyaunganisha na Ibara ya 23 ya Katiba, inayotaka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, una kitu cha kushika mkononi. Watu bado wanalipishwa, sikatai. Kuna mzaha unaosimuliwa wa mama aliyefuata mtoto wake kituoni akasema, "Afande, hapo pameandikwa bure," akajibiwa, "Ni bure kweli, mama, ila kalamu haina wino." Hata katika mzaha huo, angalia nani amelazimika kutafuta kisingizio. Bango linalosema "Tunahudumu kwa upendo" halimlazimishi afande kutunga chochote.

Vivyo hivyo dawa za serikali. Bohari kuu ya dawa huzipiga chapa kwamba ni mali ya Serikali ya Uganda na haziuzwi. Maandishi madogo mno, juu ya kidonge au pakiti, wala hayamliwazi mgonjwa. Lakini mwenye duka la dawa akikutwa nazo rafuni hana la kujitetea. Ni lile neno la kwenye ukuta wa nyumba, "haiuzwi", limehamia kwenye kidonge, na kazi yake ni ile ile.

Wanaotetea mabango matamu wana hoja mbili, na moja ni nzuri.

Ile dhaifu ni kwamba hayagharimu kitu. Yanagharimu: mbao, rangi, fundi, posho ya warsha ya kuchagua maneno, na mfadhili anayehesabu vibao vilivyosimikwa kama kazi iliyofanyika. Bango hupigwa picha, picha huingia kwenye ripoti, ripoti huleta awamu ya pili. Tazama chini ya mabango mengi uone nembo zilivyopangwa mstari. Mara nyingine nembo zinachukua nafasi kuliko ujumbe, nami huona kwamba angalau hapo bango limesema kweli juu ya anayezungumza na anayezungumziwa.

Hoja nzuri ni historia yetu wenyewe. Hivi si Uganda hii hii iliyopunguza maambukizi ya ukimwi kwa kauli fupi iliyokaa midomoni mwa watu? Mwishoni mwa miaka ya 1980 kauli ya kufuga zizini, kwamba ng'ombe asitoke kwenda kula kwa jirani, yaani mtu atulie na mwenzi wake, ilikuwa kila mahali, na maambukizi yalishuka sana katika muongo uliofuata. Kwa hiyo maneno ya hadharani yanafanya kazi, wanasema.

Yanafanya, ila tukumbuke yalifanya kazi yakiwa mdomoni mwa nani. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana ukimwi, wakati ambapo hakuna mtu maarufu nchini aliyethubutu. Watu wengine walimwita mwongo anayetafuta jina. Akazunguka shuleni na makanisani akiwa amekonda mbele ya macho yao, na Desemba ya mwaka huo huo akafa. Noerine Kaleeba, baada ya ugonjwa huo kumchukua mumewe, alikuwa ameanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, mwaka 1987 pamoja na wenzake. Kila kijiji kilikuwa na makaburi mapya. Kauli ya zizini ilisemwa na watu waliokuwa wakizika, kwa watu waliokuwa wakizika, kwa lugha ya wafugaji wenyewe. Miaka ya 2000 ikaja enzi ya mabango makubwa barabarani, ya vijana wazuri wanaojitunza hadi ndoa. Utafiti wa kitaifa wa 2004 na 2005 ulikuta asilimia 6.4 ya watu wazima wana virusi, ule wa 2011 ukakuta 7.3. Sehemu ya ongezeko hilo ni habari njema, kwa kuwa dawa ziliwawezesha watu kuishi. Ila hakuna anayeweza kuniambia kwamba mabango yale yaliendeleza kazi ya Lutaaya.

Hapo ndipo kanga inapolishinda bango. Mwanamke akivaa kanga yenye maneno makali akapita uani kwa jirani, kila mtu anajua nani amesema, nani ameambiwa, na lini atajibiwa. Teksi ya Kampala iliyoandikwa nyuma "Wivu hauna dawa" ina dereva ndani yake, unaweza kumfuata stendi ukamwuliza nani kamwudhi. Bango la taasisi halina mtu. Ukiligombeza unaonekana wewe ndiye mwenye matatizo.

Kampala yenyewe ina kaulimbiu, "Kwa jiji bora", chini ya nembo ya mamlaka ya jiji, na miaka ya karibuni mamlaka hiyo iliendesha kampeni ya usafi iliyoitwa Weyonje, ya kuwataka wakazi wajiweke safi. Agosti 10, 2024, jaa la taka la Kiteezi, lililokuwa likirundikwa tangu 1996, liliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Waliokufa hawakuwa wamepungukiwa na ujumbe wa usafi. Sitaki kurefusha hapa, maana wafu wana heshima yao. Nitataja tu kwamba zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2023, Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mwalimu wa chuo kikuu, aliwaalika watu mtandaoni walete picha za mashimo ya barabara za Kampala kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Watu walileta, na majina ya barabara wakayataja. Haikuchukua muda Rais akaelekeza zitolewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Ukitaka kujua maandishi ya hadharani yanayouma yakoje, ni yale: picha, mahali, na anayehusika anajulikana.

Nimeacha Nakivale hadi mwisho kwa sababu inatuhusu zaidi sisi tunaosoma Kiswahili. Makazi hayo ya wakimbizi wilayani Isingiro yapo tangu 1958, na sokoni kwake Kiswahili cha Kongo ndicho kinachouza na kununua. Katika makazi ya namna hii vibao ni vingi kuliko miti barabarani. Vingine vina kazi ya kweli. Mwaka 2018 kashfa ya takwimu za wakimbizi ilipolipuka, maofisa wa serikali wakituhumiwa kuongeza majina hewa, uhakiki wa alama za vidole uliishusha hesabu kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Kibao kinachomwambia mkimbizi kwamba huduma hazilipiwi, na ampigie nani bila malipo akidaiwa pesa, kina uzito mkubwa penye historia kama hiyo.

Pembeni yake ndipo huota vile vingine, vya matumaini na kujitegemea. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata msaada kwa karibu wakimbizi milioni moja nchini kwa kukosa fedha, wakabaki 663,000 walioonekana kuwa na hali mbaya kuliko wengine. Kwa mama aliyeondolewa kwenye orodha, bango la kumtia moyo lina faida gani? Angefaidika na karatasi inayomweleza kwa Kiswahili ni kigezo gani kilichomtoa, nani alikitumia, na rufaa inapokelewa wapi, siku gani. Karatasi ya namna hiyo inamtisha ofisa anayeibandika, kwa kuwa kesho yake patakuwa na foleni mlangoni kwake. Bango la kutia moyo halijawahi kuleta foleni kwa mtu.

Sasa Kiswahili kinaanza kupewa nafasi. Katiba ilikitambua kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kianze kutumika rasmi. Siku moja tenda za kutafsiri vibao zitatangazwa, na najua vitakavyotangulia: karibu, tunakujali, pamoja tunaweza, kwa sababu ni vifupi na havimkeri mtu. Mimi ningeomba waanze na tangazo la dhamana ya polisi, orodha ya dawa zilizopo kituoni wiki hii, kiasi cha ruzuku kilichofika shuleni, na vigezo vya mgao. Bajeti ikiisha hapo, vile vya "Tunakuthamini" vinaweza kubaki kwa Kiingereza.